Minyaa ya Baba Ndani ya Maji

Lamadi, 17 Mei 1998

Kaka Shigela,

Mwangaluka. Huku tu wazima, wasiwasi ni juu yako huko Mwanza. Mwanangu Kija ameanza kutembea, na yule mtamba mwekundu amezaa jike. Pamba imeoza kwa mvua hizi.

Ziwa limepanda kweli, sikufichi. Jiko limeanguka, mafiga yamezama, maji yananifika kiunoni. Nimehamia ghalani, karibu na kaburi la mama, ambapo bado ni pakavu. Ila minyaa aliyoipanda baba kuzunguka mji wetu imesimama ndani ya maji, kona zote nne. Mpaka haujasogea.

Juzi yule bwana anayetaka kujenga hoteli alikuja na mtumbwi wa injini. Alipenya kwenye minyaa bila hata salamu, akasimama juu ya jiko langu, akanionyesha karatasi ya kuuziwa mji huu, yenye sahihi yako. Eti ulimwambia huku hakuna tena mtu, yamebaki maji.

Nikamwambia, "Bwana, hapo ulipo ni jikoni kwangu. Hata wavuvi hawapiti hapo bila hodi. Rudi kwanza nje ya minyaa."

Watu walikuwa wanatazama. Alirudi, kaka. Akasimama nje, akapiga hodi mara tatu, nami sikuitika.

Maji yakishuka, njoo tusafishe kaburi la mama. Lakini na wewe utaanzia pale pale, nje ya minyaa.

Ni mimi dada yako, niliyeko,
Kabula