Madirisha Manne na Vipimo vya Bibi

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Huku mtaani kwetu Yeoville hatujambo, na goti la bibi yako limepata nafuu. Umeuliza kama kompyuta yetu ya kwanza iliweza kufungua madirisha mengi kwa wakati mmoja. Iliweza, na nilijuta.

Siku hiyo nilifungua manne, yote meusi ya kuandikia amri, nikawa naruka huku na huku najiona mtaalamu. Nikataka kufuta takataka zangu, amri nikaiandika kwenye dirisha lenye vipimo vya wateja wa bibi yako, fundi cherehani. Vikafutika vyote, na harusi waliyotaka kuvalia nguo hizo ni Jumamosi.

"Ulikuwa unafanya nini?" akaniuliza.

"Mambo manne."

"Limekwisha lipi?"

Akachukua futi yake, tukapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, yeye akipima, mimi nikiandika daftarini huku nimenuna. Kila mwanamke, bibi yako alimsikiliza mpaka mwisho, kana kwamba hakuna mwingine anayesubiri. Ijumaa nguo zikawa tayari.

Mpaka leo nikikumbuka naudhika. Nawe ukinipigia simu, acha kubofyabofya hiyo kompyuta. Nakusikia.

Babu yako anayekupenda.