Kyalo Si Mtoto wa Chupa

Jumatano, mwezi wa saba, 1981. Baridi ya leo imenikaza magoti, lakini hasira imenipasha moto.

Darasa la ngumbaru, la sisi watu wazima, lilinifundisha kuandika. Upole halikunifundisha.

Jana jioni Mwende, mjukuu wangu aliye Fomu Tatu, alitusomea hadithi ya kutisha ya shuleni. Daktari wa Ulaya, katika jumba la mawe lenye popo, anampika mtoto ndani ya chupa ili asifiwe kwamba ameumba mtu. Mtoto anafungua macho. Daktari anaogopa, anamfungia mlango kwa kufuli na kwenda kujificha ghorofani. Mtoto analia siku nyingi. Mwisho anavunja chupa, anatia jumba moto, na daktari anaungua humo humo.

"Mwalimu anasema funzo ni binadamu asivuke mpaka wa Mungu, Susu," Mwende akaniambia mimi nyanya yake.

Hapo babake, mwanangu Mutua, akaweka kikombe chini. Mkewe alijifungua mvulana Jumapili, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto yuko hospitalini katika kisanduku cha kioo chenye taa ya umeme ya kumpasha joto. Mutua hajaenda kumwona hata mara moja.

"Umesikia, Mama? Wetu naye ni wa chupa. Mungu anamwita, wao wa hospitali wanamzuia kwa stima."

"Na redio yako je? Si ni ya stima? Mbona hujaitupa?"

Akachukua kikombe chake, akatoka nje. Afadhali.

Nakiri, siku ya kwanza mimi pia niliogopa. Nilimwona mwekundu kama sungura aliyechunwa, mrija puani, nikatoka nje kabla sista wa wodi hajamaliza kunieleza. Naona aibu kuliandika hilo.

Lakini mwalimu aliliacha funzo katikati. Yule daktari alivuka mpaka, ni kweli, kiburi kilimsukuma. Alitaka sifa, hakutaka nepi! Wetu hakuumbwa na mtafuta sifa. Mamake anamkamulia maziwa kikombeni, sista anamnywesha tone kwa tone. Aliyemfungia mlango ni nani basi?

Babake.

Kwetu Ukambani, mtoto ambaye babake hajamvisha ushanga siku ya nne bado ni kiimu, kitu cha mapepo, hana mwenyewe. Siku ya nne ni leo. Nikamwendea Mutua kazini Industrial Area saa ya chakula, nikasimama getini mbele ya madereva wenzake.

"Twende, ama nikuambie hapa hapa?"

"Mutua, nenda bwana," mmoja akacheka. "Huyu mama hata bosi atamchapa."

Akaja.

Sista alikataa ushanga uingie kisandukuni. Hakukosea, ulikuwa na vumbi la kikapu changu. Akamwambia Mutua aufunge nje, kwenye mguu wa kisanduku. Akapiga magoti, akaufunga. Mimi nikatoa jina: Kyalo, yaani safari, kwa kuwa yake ameianza mapema.

Mutua akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akamgeukia sista: "Huyu Kyalo wangu anakunywa mara ngapi kwa siku?"

Wangu. Masikio yangu ni mazima.

Kama ataishi sijui. Sista hakutuahidi kitu, nami sikumwomba ahadi. Ila akienda, ataenda na jina na baba. Na mtu wa hapa Makadara atakayemwita mtoto wa chupa, aje kwanza aniambie mimi usoni.