Babu, Narudi kwenye Mashine

Iyula, Mbozi,
Songwe.
Tarehe 16 Julai, 2025.

Mpendwa Babu Osea, mchumba wangu wa kwanza,

Shikamoo sana. Au niseme mwapoleni mukwai, maana nasikia siku hizi ukiamkiwa kwa Kiswahili unaitika kwa Kibemba. U hali gani huko Kitwe, Zambia? Miguu bado inakufikisha kanisani, au unamsumbua Brenda akutafutie teksi kwa safari ya kutupa jiwe? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Asubuhi vidole havishiki kahawa mpaka tuvipashe moto jikoni kwanza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu sote tunajua masikio yako uliyaacha mgodini. Mara ya mwisho tulipoongea nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Barua hii anaileta Ferdinand, yule mtoto wa Shangazi Recho anayeendesha lori. Foleni ya malori mpakani Tunduma ikimwonea huruma, utaipata kabla ya Jumapili. Brenda atakusomea. Brenda, mdogo wangu, soma yote, usiruke hata pale Babu atakapokunja uso.

Kahawa mwaka huu imezaa hadi matawi yanainama. Mama anachuma kama msichana. Mguu wake uliomwagikiwa maji ya ugali umepona kabisa, limebaki kovu tu. Baba naye amechaguliwa mzee wa kanisa, na tangu hapo hawezi kuomba chumvi mezani bila kukohoa kwanza. Ukimwona utacheka, lakini cheka ukiwa mbali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua mwaka jana nilikuwa Korea, kwenye maabara wanakotengeneza vitu vya kutibia mwili wa binadamu. Nilikwenda kujifunza. Wameniita tena, na safari hii wananitaka kama mtafiti wao, kwa miaka mitatu. Baba alifurahi mpaka akachinja jogoo. Kisha akapiga simu, Brenda akakufikishia habari sikioni, nawe ukasema, “Mashine haina urafiki. Leo unaifundisha, kesho inakalia kiti chako. Mwambie huyo mtoto asiende kupaka grisi.” Tangu siku hiyo Baba amebadilika. Anasema hawezi kumsindikiza mtoto ambaye babu yake hajamwombea. Mkataba uko mezani, chini ya Biblia, na unatakiwa urudi kabla mwezi haujaisha.

Sikulidharau neno lako, Babu. Ulinisimulia mwenyewe nikiwa mdogo jinsi mlivyokuwa kundi zima la kutoboa miamba, ikaletwa mashine moja, wenzako wakarudi makwao na mablanketi yao, wewe ukabaki kuipaka grisi mpaka ulipostaafu. Niliumia nilipokusikia, na hadi leo naumia. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu, nisije nikaonekana mtoto aliyesoma sana akasahau kusikiliza.

Hebu nikueleze nilichokiona. Kazi yetu ni kutengeneza jeli ya kufunika kidonda cha moto. Inatokana na mwani na unga wa maganda ya kamba wa baharini, vitu ambavyo wewe ukiandaliwa utasukuma sahani. Kuchanganya hatuchanganyi sisi. Mkono wa chuma unachukua kichupa, unamimina, unakoroga, unapima. Kompyuta yenye akili mnemba inasoma matokeo, inajifunza, kisha inaamua yenyewe mchanganyiko upi ufuate. Chumba kizima hakina mtu. Siku ya kwanza nilisimama nje ya kioo nikakukumbuka wewe, nikajisemea kweli, Jenista, umekuja kutazama tu.

Lakini mashine ile haianzi mpaka iambiwe inatafuta nini. Bosi wetu, mama mmoja wa Kikorea asiye na maneno mengi, alinipa mimi kazi ya kuiambia. Nami, mtoto wa Iyula, nikafikiria mguu wa Mama. Unakumbuka ilivyokuwa? Zahanati wanamfunga bandeji asubuhi, jua halijapanda yeye yuko shambani, bandeji imelegea pembeni, imejaa udongo. Kwa hiyo nikaiambia mashine itafute jeli inayoshika. Ishike mtu akitembea, ishike akiinama, ishike akitoka jasho. Wenzangu wasingeanzia hapo, kwani kwao aliyeungua amelala kitandani na shuka jeupe.

Mashine ikatii. Ikachanganya na kupima usiku na mchana, haikuomba hata chai, mwisho ikaleta jeli inayoshika kuliko zote. Watu wakapiga makofi. Bosi akaleta keki. Nikavimba kichwa, Babu, sikufichi. Kesho yake nikajaribu kuibandua jeli ile kwenye kipande cha ngozi ya nguruwe tunayofanyia majaribio, na ikatoka na ngozi yake.

Nilikaa chini. Nikamkumbuka Mama aking'ata kanga siku nesi alipobandua bandeji iliyogandia kwenye kidonda, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mguu. Jambo hilo nililijua vizuri sana, na sikuliweka kwenye swali. Nilishughulika na udongo wa shamba nikasahau kilio cha Mama.

Mashine haikukosea. Ilitafuta nilichoitaka itafute. Haijawahi kushika mguu wa mtu anayelia, ingejuaje? Nikaandika swali upya: jeli ishike kutwa, halafu ikimwagiwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi iachie yenyewe, bila kuvutwa. Bosi akasoma, akavua miwani, akasema hilo ndilo tuendelee nalo. Alipoandika kuniita tena, sababu aliyoitaja ni hiyo.

Sikudanganyi kwamba dawa imepatikana. Jeli mpya inaachia vizuri kwenye ngozi ya nguruwe, basi. Kuna majaribio ya miaka mbele yetu, na huenda ikashindikana kabisa. Wala sibishi kuhusu viti. Zamani pale walikaa vijana wengi wakikoroga kwa mkono, leo hawapo, na mtu asikwambie hawakuumia. Ila waliobaki si wapaka grisi. Yuko wa hesabu, yuko fundi, yuko nesi mstaafu anayetukumbusha kila siku kwamba wagonjwa hujikuna, nami niko kwenye kemia. Tunabishana kama wauza mahindi wa Mlowo, na tunachobishania ni kimoja tu: tuiambie mashine itafute nini.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yako na yangu, nami naisema kwa heshima. Mgodini mashine ilikuja ikiwa imeshaamuliwa kazi yake. Hakuna aliyeteremka chini kukuuliza wewe, uliyekuwa ukiujua mwamba, kwamba Osea, unaonaje? Nadhani hilo ndilo lililokuuma kuliko chuma chenyewe. Mimi nimeulizwa, Babu. Nikikataa, wataulizwa wengine, watu wazuri tu, ambao hawajawahi kumwona mtu akilima na kidonda mguuni.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu nitasaini. Nimeona nikwambie mapema kuliko kukuzunguka, kwani wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayezunguka nyumba ana lake.

Nisalimie Brenda, ambaye koo lake sasa limekauka, na waumini wote wanaokushika mkono ngazini. Mama anakusalimu, na amemfungia Ferdinand maharage yako. Shangazi Recho anasema ule, usigawe. Baba anakusalimu kwa kukohoa. Mungu aliyekuvusha mpaka wa nchi ukiwa kijana akulinde uzeeni, akupe usingizi wa mtoto na hamu ya kula.

Lakini kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi. Jumapili baada ya ibada tutakuwa sote sebuleni, simu ya Baba ikiwa mezani. Mwambie Brenda apige. Usihangaike kutusikia. Wewe niombee tu, hata kwa maneno mawili, sisi tutakusikia. Ukinyamaza nitakwenda vilevile, Babu, ila nitakwenda nikigeuka nyuma kila hatua.

Wako akupendaye bila kupungua,
mjukuu wako,
Jenista Nathanaeli