Jani la Sale Dirishani

Elerai, Arusha
7 Juni 1994

Mpendwa Kaka Melkizedeki,

Shikamoo. Habari za Gaborone na za kufundisha watoto wa watu? Wifi Evelyn je, mgongo umempa nafuu? Sisi tu wazima wa mwili, ndivyo watu wanavyosema wakiwa na jambo. Mama yuko Machame, kahawa ameing'oa nusu apande nyanya, na hataki ushauri wa mtu. Hapa baridi ya Juni imeshuka, na mlima Meru hatujauona wiki nzima. Umejifunika kama mtu asiyetaka kusalimiwa.

Mdogo wetu Aminiel ni yule yule. Tangu serikali iruhusu madaktari wafungue zahanati zao, amefungua hii yetu, nami ndiye ninayetoa dawa dirishani. Asubuhi anapima watu, mchana anawachora wakiwa wamekaa kwenye benchi, jioni anaandika michezo ya kuigiza ya vijana wa kwaya. Cheti cha mgonjwa ukikigeuza nyuma unakuta pua ya mtu au maneno ya mchezo. Nimemwambia mara nyingi, ipo siku utampa mgonjwa shairi akanywe kutwa mara tatu. Anacheka tu.

Sasa kicheko kimekwisha. Unamkumbuka Mzee Fanuel, mzee wa kanisa, jirani yetu wa Machame aliyehamia hapa Arusha? Biashara zilipofunguliwa aliacha mitumba akaingia kwenye dawa. Alituletea chupa za dawa ya maji ya malaria, lebo zinang'aa. Watoto waliinywa bila kulia, nami nikafurahi kwamba wa siku hizi hawaitemi. Mwezi wa tatu mtoto wa Naeku, yule mama anayetuletea maziwa, aliinywa siku zote alizoandikiwa, akafa. Aminiel akafungua chupa akaonja. Haikuwa na uchungu hata kidogo. Ilikuwa maji ya sukari, Kaka. Na ni mikono yangu iliyompa.

Aminiel alipeleka chupa na barua kwa wakubwa wa afya mkoani, wakamwambia wataangalia. Basi akakaa akaandika mchezo. Jina la mfanyabiashara amelibadilisha, lakini kofia ni ile ile na kikohozi ni kile kile. Hata kipofu atamtambua.

Fanuel alisikia. Zikapita wiki mbili. Jumatatu moja, Aminiel akiwa Makumira na vijana wake kwenye mazoezi, akaja Mama Kandida, mke wa Fanuel, amevaa kitenge chake cha ibada. Hakuingia. Alisimama mlangoni akatoa jani la sale ndani ya khanga, limefungwa fundo.

"Tabea mwanangu," akasema, "mume wangu amekosa. Hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Nimetumwa kwenu."

Huko uliko huenda umesahau, kwa hiyo nakukumbusha. Kwetu anayeletewa sale kuombwa msamaha ana mawili: alikatae abebe yatakayompata, au alipokee na neno liishe, lisitajwe tena. Jibu lilikuwa la Aminiel, si langu. Ningeweza kusema tu, Mama, ngoja mwenyewe arudi. Lakini nilimwona yule mama amelinyoosha lile jani kwangu, nikaikumbuka ile chupa, na nikatamani sana mtu asamehewe siku ile, yeyote yule. Nililipokea. Kwa mikono miwili. Akalia, akaenda zake.

Aminiel aliporudi nilishindwa kumwambia. Fundo nilikuwa nimelifungua ili asijue, na jani nimeliweka dirishani kwenye glasi ya maji, maana sale halitupwi. Akauliza limetoka wapi. Nikamwambia Mama amelituma kutoka kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika siku ile ile. Alilishika akaligeuzageuza, macho yakamwaka. "Dada, umenipa mwisho wa mchezo!" Akalichora, kubwa, kwenye pazia la nyuma ya jukwaa. Na mwisho aliouandika ni huu: mfanyabiashara anakuja na sale, daktari analipokea, kisha analitupa chini analikanyaga mbele ya watu. Jani watakalotumia ni lile lile la glasi. Amelichukua juzi.

Nimejaribu kumwambia. Siku moja alikuwa anamshona mtu mguu, siku nyingine nilijisingizia kuumwa kichwa. Jana nikasema tu, "Mwisho ule ubadilishe." Akanitazama. "Mtoto wa Naeku nani alimletea jani, Dada?" Nikarudi dirishani kuhesabu vidonge.

Mchezo ni Jumamosi hii, Makumira. Leo asubuhi Mama Kandida amepita dirishani, uso umemchangamka. Ameomba viti vya mbele kwa ukoo wao wote, hata bibi yao mzee ataletwa kutoka Machame. "Watu walituambia tusije, eti ni mchezo wa kututukana," akasema. "Nikawaambia, wale wameshapokea sale. Hawawezi." Nikamwandikia viti vyake. Nimeandika kwa mwandiko mzuri kama naandika lebo ya dawa, na hilo ndilo limenitisha kuliko yote.

Nimepiga simu shuleni kwenu mara mbili kutoka posta, inaita tu. Najua barua huchukua wiki tatu. Ukiisoma hii, Jumamosi itakuwa imeshapita. Nina siku nne za kumwambia Aminiel, na nakwambia wewe kwanza kwa sababu uko mbali. Huo ndio woga wangu wote, sina wa kuficha zaidi.

Wewe ndiye mkubwa wetu. Tukishakanyaga tulichopokea, ni wewe tu unayeweza kusimama mlangoni kwa Fanuel. Njoo, Kaka. Usipite kwetu kwanza, wala usiulize nani anaumwa, hakuna mgonjwa. Pitia Machame, kwenye mpaka wa kihamba, ukate sale na fundo ulifunge mwenyewe. Mimi sitaligusa tena.

Msalimie sana Wifi Evelyn, na mwanenu Anande mwambie sweta ninalomfumia limebaki mkono mmoja. Mungu awafunike huko mliko, na sisi huku asitufungie milango yote.

Mdogo wako akupendaye, hata kama baada ya hii utanikasirikia,
Tabea