Usitoke Kuipokea Mvua

Akiru,

Chai iko kwenye thamosi, viazi vitamu viko kwenye sufuria. Nimeenda Dunga kumwambia Dalmas mwenyewe. Sitaki asikie kwa watu kwamba nusura radi imuulie mke.

Omena, hao dagaa wetu, nimeianika tena nyuma ya nyumba. Ukiona wingu jeusi upande wa Nandi, ~~kimbia uianue~~ hapana, iache inyeshewe. Ingia ndani, funga mlango, usishike chuma chochote, hata karai.

Najua umenuna. Nilikuvuta mkono mbele ya majirani nikakuita "wewe" kama mtu wa njiani. Ni woga, jina lako lilikuwa limenitoka kichwani. Kwenu Lodwar mvua ikija watu wanatoka nje na mabeseni, wanaimba. Leo asubuhi ulitoka hivyo hivyo, ukasimama chini ya waya wa nguo, uso juu, unacheka. Hata mlangoni hatukuwa tumefika, radi ikapiga nguzo ya ule waya. Leso yako bado iko pale, imeungua nusu. Usiiguse, nitaitoa mimi.

Tangu asubuhi najiuliza ningempigiaje mama yako simu nimwambie mvua imemchukua mtoto wake. Angeniuliza, "Mvua hii hii tunayoiomba?"

Kula kwanza, ndio unune tena ukipenda. Lakini ununie ndani.

Mama yako wa huku