Simu Ilisema Kijani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimepita kwa Min Elkana, yaani mama yake Elkana, kumwona mke wa mwanawe, Damaris. Tumbo la miezi saba. Nikauliza yale maswali mapya tuliyofundishwa sisi wahudumu wa afya wa kijiji kule Homa Bay — umewahi kutokwa damu, umewahi kupasuliwa, hii ni mimba ya ngapi. Min Elkana akamjibia yote, kama kawaida ya mama mkwe hapa Mfangano. Hapana, hapana, ya kwanza. Nikabonyeza simu ya kazi. Ikasema kijani, yaani hana dalili ya hatari.

Min Elkana akafurahi. Mkunga jirani yake ameshaambiwa. Mjukuu wa kwanza atazaliwa bomani.

Sasa mbona situlii? Damaris alinisindikiza mpaka langoni. Nikamuuliza kama mtoto anacheza. Akasema, "Huyu hanisumbui usiku kama—" Akaanza habari za dagaa wa omena.

Kama nani?

Jumatano, 10 Septemba 2025

Bado inanikera. Mume wangu Wangwe anasema mimi mdaku tu, sasa nimepewa simu na fulana ya kufanyia udaku. Sawa, acha aseme.

Lakini leo nimemkuta Damaris ufuoni ameshika mtoto wa jirani aliyekuwa akilia. Akamlaza kifudifudi mkononi, akamsugua mgongo, mtoto kimya. Wasichana wa mimba ya kwanza hushika mtoto kama trei ya mayai! Nikamwambia apite kwangu alale kidogo nimguse tumbo. Akakataa, akakaza leso. Anaficha nini pale chini?

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Sabato. Nimejifanya kichwa kinauma — Mungu anisamehe — kwa sababu Min Elkana hakosi kanisa, na siku hizi Damaris hubaki nyumbani. Nikampata peke yake.

Sikuzunguka. Sote wawili ni wa Kehancha, nikamwongelesha Kikuria. Nani alikuwa anakusumbua usiku? Alilia kwanza. Halafu akafungua leso mwenyewe. Kovu. Linaanza chini ya kitovu na kuteremka, nene, halikushonwa vizuri.

Mtoto yupo. Msichana, anaitwa Boke, analelewa na nyanya yake Kehancha. Damaris alimzaa akiwa bado shuleni. Uchungu ulikwama, wakampasua. Elkana aliambiwa ni utumbo. Min Elkana haambiwi chochote, maana akijua, Damaris anasema, atarudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Nimeogopa sana. Kovu la namna hiyo linaweza kuachana ndani uchungu ukishika, na hapa hakuna theatre ya upasuaji, kuna ziwa. Mama anaenda, mtoto anaenda. Lazima akasubirie Homa Bay, karibu na hospitali. Amekubali, lakini ameniapisha nisimwambie mtu. Na mwenye kuamua nani anavuka ni Min Elkana. Nitampa sababu gani?

Jumapili, 14 Septemba 2025

Nimeharibu. Nilimwambia Min Elkana presha ya Damaris inapanda, inafaa aende Homa Bay mapema. Akasema basi mpime hapa, nami nione. Nikampima. Mashine ikatoa namba nzuri kuliko zangu! Nikasema betri imekwisha. Aibu niliyoipata, hata sijui niliagaje. Min Elkana akaenda kuwapa kuku chakula, Damaris akabaki ananikodolea macho. Nimerudi nyumbani nikamfokea Wangwe bure.

Kitu kimoja sikielewi. Mama yule huuliza bei ya kiberiti mara tatu. Leo hakuuliza swali la pili.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Naandika nikiwa gatini Sena, tunangoja boti ya Mbita ijae, tuendelee Homa Bay. Asubuhi Min Elkana alikuja kwangu na begi, Damaris nyuma yake. Akasema twende wote watatu. Mkunga ameambiwa asingoje. Elkana amepigiwa simu, ataleta pesa Ijumaa. Nikauliza kwani amebadili mawazo? Akasema nyathina, yaani mwanangu, vaa viatu.

Damaris ameninong'oneza, umemwambia? Sijasema neno, naapa. Haniamini, naona. Hata mimi ningekuwa yeye nisingejiamini.

Sasa ameenda kununua maji. Min Elkana amekaa kando yangu, begi mapajani. Halafu, bila kunigeukia, ameniuliza kwa sauti ya chini yule mtoto mkubwa ameachiwa nani kule kwao, na kama ameanza shule.

Kumbe anajua. Nimeinamia daftari, najifanya hii ni kazi. Damaris anakuja na chupa zake. Min Elkana amesogea, amempa nafasi akae katikati yetu, amemshika mkono asiteleze. Macho yake yako kwangu. Bado anangoja jibu.