Mwisho wa Picha ya Bondia

Kilwa Masoko,
Jumapili, siku moja baada ya Siku ya Bondia

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua umeitika kwa kuguna, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na maguno mengi kuliko maneno. Goti linasemaje? Yule mbuzi mweusi bado anakula kanga za watu? Mimi ni mzima, nguvu ninazo. Habari ya posa ya mwanao Zuhura nimeisoma, kwamba wenye posa wamekuja mara mbili na mara mbili umewaambia wangoje, mjomba wake yuko njiani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, nalijua hilo. Nitakujibu humu humu, lakini usirukie mwisho, soma kwa mpango.

Jana ilikuwa Siku ya Bondia. Hii ni sikukuu yetu wenyewe, si ya serikali wala ya dini. Tunaifanya Jumamosi ya kwanza baada ya watu kulipwa korosho. Ilianzia kwenye banda la video, lile nililokuandikia kuwa ni langu, kwa ajili ya ile picha ya bondia maskini asiyedhaniwa na mtu, anayepanda ulingoni kupigana na bingwa. Watu wa hapa wanampenda kama ndugu yao. Wanasema huyu kalala njaa kama sisi tulivyolala, enzi zile za kupanga foleni ya sabuni.

Alfajiri, baada ya sala, tulikimbia kutoka gatini mpaka sokoni, kama yeye anavyokimbia. Mimi nilivaa joho kama lake la ulingoni. Nililipata kwenye robota la mitumba, zito, la kitambaa cha taulo, lina maua ya waridi mgongoni. Waliosema ni la kuogea la mwanamke wa Kizungu walisema kwa wivu. Kabla ya kukimbia tunakunywa mayai mabichi. Mimi nilikunywa kumi na mawili. La kumi lilikuwa na kifaranga, nikamwambia samahani bwana mdogo, nikameza. Halafu nikakimbia mpaka askari mwenye baiskeli akaniomba nipunguze mwendo.

Haya, dada, mayai yalikuwa manne, na yule askari alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha. Lakini kukimbia nilikimbia.

Sasa nikueleze kazi yangu. Picha ile ni ya Kiingereza, na mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti na kuwasimulia watu kwa Kiswahili. Kiingereza changu unakijua, kiliishia darasa la nne pamoja na kaptula. Lakini mtu akipigwa ngumi, unahitaji kamusi ya nini? Yule mzee anayemfundisha bondia nimempa maneno ya marehemu baba: "Mvua ikikukuta shambani usikimbie. Ikatike ikukute umesimama kwenye tuta lako." Nikifika hapo watu wazima wanajifuta macho. Maneno ya baba yetu, dada, yanaliza watu Kilwa.

Tatizo lilikuwa mkanda. Mwisho wake uliliwa na mashine kabla mimi sijaanza kazi. Wanaingia raundi ya mwisho, mara chenga tupu kwenye kioo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona picha inaishaje. Sasa watu wamekaa, ngumi wamezikunja mapajani, niwaambie sijui? Nikawa nasema, "Kapiga! Yule kaanguka! Bondia wetu bingwa!" Banda linatikisika. Miaka minne nimesema hivyo. Hamisi, mpagazi wa gatini, mwanawe kamwita Bingwa.

Jana mwenye banda karudi kutoka Dar na mkanda mpya, mzima. Ndiyo dada, mwenye banda. Tulia, nafika hapo.

Banda lilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Raundi ya mwisho ikaja, na picha haikukatika. Wakapigana, kengele ikalia, mwamuzi akainua mkono. Mkono wa yule mwingine.

Kipaza sauti kiko mdomoni na neno sina. Mimi, Athumani!

"Mjomba," akasema Hamisi, maana hapa wote wananiita Mjomba, "mbona kashindwa?"

Nikashusha kipaza sauti.

"Miaka minne unatulisha upepo? Mwanangu ana jina!"

Mwingine nyuma akapiga kelele, "Muongo huyu! Sikukuu ya nini sasa, ya kupigwa?" Mabenchi yakaanza kupinduliwa. Tajiri wangu, huyo mwenye banda, akanitazama, nikajua kazi yangu imekwisha.

Aliyewanyamazisha ni Bi Tatu, mama anayekaanga pweza mlangoni. Kaingia na kijiko chake kinachuruzika mafuta.

"Kaeni! Mtazameni. Kapigwa raundi zote na kasimama. Mlitaka nini tena? Wewe Hamisi, magunia yamekuangusha mara ngapi pale gatini? Mkeo alikufukuza?"

"Hakunifukuza."

"Basi kaa. Na wewe Mjomba, rudisha mkanda. Sema kilichopo."

Nikarudisha. Nikasema, "Kashindwa, jamani. Kashindwa, na kasimama." Tukautazama mwisho ule mara tatu. Mara ya tatu Hamisi kampandisha mwanawe mabegani, kasema, "Jina halibadilishwi."

Watu walipotoka nikabaki napanga mabenchi. Bi Tatu habari ya Zuhura anaijua, nilimweleza. Akaniuliza, "Na kwenu, picha umeimalizaje? Wale wanakungoja wewe, au wanangoja gari?"

Dada, banda si langu. Nasimulia, nafagia, napanga mabenchi. Gari nililokuandikia kwamba liko kwa fundi, na kwamba likipona ndipo nije, halipo, wala halijapata kuwapo. Televisheni niliyoahidi kumletea Zuhura ni ya tajiri. Mara mbili umewatazama wageni usoni ukasema ndugu yangu yuko njiani, na mimi nimekaa hapa nangoja gari ambalo hata rangi yake siijui. Kwa hilo nisamehe kuliko mengine yote.

Alhamisi kuna lori la mitumba linakwenda Lindi. Dereva atanishusha njiapanda ya Kilangala, nitatembea. Waite wenye posa Ijumaa baada ya sala. Nitakaa pale anapokaa mjomba, nitalipokea neno lao na kulijibu. Mkononi nina mkoba mmoja na lile joho. Nampa Zuhura, akijaliwa mtoto amfutie maji, linanyonya vizuri.

Msalimie shemeji, aliyenilimia tuta langu bila kunisema. Msalimie yule jirani mnayetwanga naye, mwambie sijaoa Mzungu, uvumi ule niliuanzisha mimi. Na mwalimu wa madrasa, kama bado anazo nguvu za kuchapa, mwambie zile fimbo alizonichapa kwa uongo hazikutosha.

Zuhura mwambie mjomba wake anakuja kwa miguu. Akikuuliza picha ya bondia inaishaje, usimwambie. Nitamsimulia mwenyewe, na safari hii nitasimulia kama ilivyo.

Ni mimi mdogo wako, niliyepigwa na bado nimesimama,
Athumani